Madole Matatu kwenye Fomu ya London

Uyole, Mbeya
12 Februari 1956

Mpendwa mdogo wangu Sedekia,

Pokea salamu zetu sote. Tunatumaini u mzima huko Makerere na kile kichwa kimeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo kwa ukungu wa asubuhi, ila palizi hajaiacha.

Sasa nikuambie wazi, nimekasirika.

Fomu zako za shule za sheria, ya London na ya Bombay, zilifika salama. Penye nafasi ya mzazi, baba zetu watatu tuliobaki nao baada ya marehemu baba, yaani ndugu zake Anania, Saulo na Alinanuswe, waliweka dole gumba kila mmoja. Ulitaka wafanyeje? Hata ng'ombe wa mahari yangu hawakupokelewa kwa kauli ya mtu mmoja.

Nikazipeleka bomani kugongwa muhuri. Karani akaita wenzake waje kucheka. Ya Bombay akaigonga, eti huko hawatajali. Ya London akaichana mbele yangu, eti Wazungu watauliza huyu kijana ana baba wangapi.

Hilo ningelimeza. Lakini nilipokuarifu, ukanijibu kwamba umeona haya, basi London tuiache, Bombay inatosha. Haya ya nini, Sedekia?

Si ni wewe uliyetueleza Krismasi kwamba sheria anayohukumia jaji wetu ndiyo inayofundishwa London? Ulipokuwa darasani, mpaka wa shamba letu la pareto ulisogezwa. Baba Saulo alisimama kortini siku nzima, hakuelewa neno la sheria hiyo, akatoka hana shamba. Bombay siichukii. Ungeipenda mwenyewe ningenyamaza. Wewe unaikimbilia kwa sababu karani amecheka.

Ile fomu ya akiba ya London, uliyoileta pamoja na zile, imo humu ndani ya bahasha. Baba zetu wameweka madole tena, yote matatu, na mchungaji ameshuhudia badala ya boma. Baba Saulo alinawa mikono kwanza asichafue karatasi.

Wanakusalimu Mama, shangazi Lusia na wanangu. Mungu akulinde, akupe na ushupavu kidogo.

Ukiona haya bado, ichane kwa mkono wako. Kisha panda basi uje umwambie baba Saulo, ana kwa ana, kwamba dole lake linakuaibisha.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kwa hasira,
Tusajigwe