Bakuli la Jinsengi

Mjukuu wangu Neema,

Huku Tensta ughaibuni hatujambo, ila goti la babu yako bado linamsumbua. Umeuliza kama jinsengi, ule mzizi wa Kichina, inatia nguvu kweli. Mwenzio sijui. Nilipomzaa mama yako nilikuwa hoi, na jirani yetu Mchina wa ghorofa ya juu akaniletea bakuli la supu ya mzizi huo. Kwetu chombo hakirudi kitupu, nikalirudisha na maandazi. Kesho yake likaja na supu tena. Nikadhani amependa maandazi. Labda naye alidhani naomba supu. Nguvu zilirudi, lakini sijui ni mzizi au zile ngazi nilizopanda kila siku kulirudisha bakuli. Alihama bakuli likiwa kwangu. Mpaka leo nikipika maandazi, la kwanza naliweka humo.

Bibi yako