Mama Kwenye Kona ya Picha

Muscat, Ijumaa baada ya swala

Mdogo wangu Bakari,

Asalaam aleikum. Huku mwili mzima, joto tu ndilo linalotukaanga. Nyie hapo Makorora naomba Mungu mmeamka na afya. Nakuandikia kwa kalamu, na barua anakuletea yule dada wa Maramba anayekuja likizo, maana nikikutumia sauti kwenye simu husikilizi hadi mwisho. Leo utasoma yote!

Bakari, picha gani zile? Mwaka wa tatu huu sijamwona mama kwa macho. Nakuomba picha yake, unanitumia ya kabati. Kabati limekaa katikati, vikombe vyote vinahesabika, mama yuko kwenye kona kama kasahauliwa. Nikakwambia umsogeze. Ukaniletea ya uani: umesimama mbali kule mlangoni pa choo, nusu ya picha ni mawingu, na mnazi wa jirani umeota kichwani mwa mama. Ya tatu ndiyo kabisa, umemkalisha dirisha likiwa mgongoni, uso mweusi tii. Loo! Mimi hapa studio kutwa nawapanga wageni, "inua kidevu, geukia mwanga," halafu mama yangu mwenyewe naletewa kivuli.

Sikiliza basi. Sogea karibu, miguu unayo. Usimsimamishe katikati kama nguzo. Mweke upande mmoja kidogo, na kule anakotazama uache nafasi. Dirisha liwe mbele yake. Na kabla hujabonyeza, zungusha macho pembeni mwa picha yote, maana huko ndiko vinakobaki vitu ambavyo mpigaji hakuviona.

Jana, kwa hasira, nikazifungua tena zote ili nikuandikie makosa yako moja moja. Nikafika kwenye ile ya mbuzi wa Idd. Wallahi, mbuzi umempiga vizuri! Yuko upande mmoja, mwanga wa asubuhi usoni, hadi ndevu zinaonekana. Nikasema, kumbe huyu mtu anajua.

Nikarudi kwa mama, nikatazama pembeni kama ninavyokufundisha. Kwenye ile ya kabati, mkono wake umetokeza ukingoni. Bangili yake ya fedha, ile iliyokuwa haivuliki bila sabuni, imepanda hadi karibu na kiwiko.

Kwa hiyo hukukosea. Mama ndiye kakwambia usinioneshe alivyokonda, nawe ukatii. Na kwenye simu kila siku ananiambia mzima, mzima! Nimelia, Bakari, na hasira haijaniisha.

Shangazi yetu mshonaji wa Usagara mfikishie shikamoo yangu. Baba mdogo mwenye mbuzi mwambie mbuzi wake alipendeza.

Mama mwambie bangili nimeiona. Kisha mkalishe atazame dirisha, usogee karibu, unipigie uso wake wote. Jinsi ulivyo.

Ni mimi dada yako,
Mwanaisha