Mguu Uliokufa Ndio Unaolia

Nyumbani, 3 Machi

Kwako binti yangu, daktari mtarajiwa,

Salamu nyingi. Hujambo huko chuoni? Unakula? Mimi ni mzima kama kisiki. Kaka yako anakusalimu sana, ila yeye ndiye sababu ya barua hii. Nampa dereva wa gari la nyama akuletee, kwa hiyo usishangae ikinuka damu.

Kaka yako alianguka kutoka kwenye lori wiki iliyopita tukipakia. Mgongoni amechubuka kidogo tu, alama ndogo kama ukucha. Lakini tangu siku hiyo hasimami. Anasema mguu wa kulia umekufa. Nikasema haya, tuone. Nikachukua sindano ya kushonea magunia, nikauchoma huo uliokufa. Akapiga yowe mpaka jirani akagonga ukuta! Sasa mfu gani huyo anayelia? Nikauchoma wa kushoto, ambao anaukunja na kuukunjua vizuri. Kimya. Nikauchapa mkanda, kimya, ananitazama tu. Jana nimemkanda kwa maji ya moto, huo wa kushoto ukatoka malengelenge kama mayai, naye anauliza kama maji yamepoa.

Mguu uliokufa unalia, ulio hai haulii. Mimi sikusoma, lakini mwongo namjua. Hataki kazi huyu. Nimempa siku tatu asimame, la sivyo nitamsimamisha kwa fimbo.

Wewe unayepasua maiti huko, niambie kama kuna ugonjwa wa namna hii. Hapa machinjioni mambo ni yale yale. Kisu changu kifupi, kile cha kumchoma ng'ombe kisogoni aanguke, kimekatika ncha. Nimekinoa upya, lakini hakikai mkononi kama zamani.

Ni mimi baba yako.


Bwenini, 6 Machi

Shikamoo baba,

Mimi sijambo, nakula. Tafadhali weka fimbo chini kwanza, ndipo uendelee kusoma. Kaka hasemi uongo.

Unaujua ule uzi mweupe, laini, uliomo ndani ya pingili za mgongo wa ng'ombe. Binadamu naye anao. Ubongo hushusha amri kwa uzi huo, na maumivu hupanda kwa uzi huo huo, lakini havipiti njia moja. Amri ya kusogeza mguu wa kulia hushuka upande wa kulia. Maumivu ya mguu wa kulia yakishaingia mgongoni yanavuka, yanapanda kushoto. Sasa kata nusu ya kulia tu. Mguu wa kulia hausogei, lakini ukiuchoma unalia. Wa kushoto unasogea, lakini ukiuunguza haujui. Ndivyo ulivyoandika mwenyewe, baba, bila kujua unaandika nini.

Nilimpelekea mwalimu wetu barua yako. Akaisoma mara mbili, akavua miwani. Akasema, "Kuanguka huponda uzi wote. Nusu safi namna hii hukatwa na kitu chembamba chenye makali."

Nikarudi kwenye mistari ya mwisho, ile ya kisu.

Baba, ncha iko wapi?

Kama imo ndani, mgongo utaoza na atakufa. Mpeleke hospitali leo, amelazwa juu ya ubao, asikalishwe. Waambie kuna chuma mgongoni, na useme kimefikaje.

Nakuogopa. Sikio langu la kushoto, unajua wewe kwa nini, mpaka leo halisikii. Lakini usipompeleka nakuja, na sitakuja peke yangu.

Msalimie kaka. Mwambie namwamini.

Binti yako.


8 Machi

Wewe,

Sina salamu. Nani amekuambia habari za kisu? Yeye? Hana simu, na mlango nimeupiga kufuli. Au unataka kusema mguu ndio umenishitaki? Miaka thelathini na moja naangusha mafahali, leo mtoto niliyemlea kwa maini anakuja kunifundisha mgongo! Njoo. Njoo tuone kama sikio la kulia bado linasikia.

Tangu jana ana homa. Ni mafua tu.

Baba yako.


Mahabusu, 21 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Sijui kama bado nina haki ya kukusalimu, lakini ile barua niliyoituma bila salamu hainitoki akilini.

Ulipoingia na wale askari wawili na machela, hukuniangalia. Ulinipita kana kwamba ni nguzo. Nilikuwa na kisu, na kweli sijui ningemfanya nani nini. Askari mmoja akanivunja kifundo cha mkono kwa rungu. Alifanya vizuri.

Humu ndani kuna mwizi anayejiita wakili. Ananifundisha cha kumwambia hakimu, kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Na mimi nimeona ng'ombe asiye na kichwa akimvunja mtu mbavu kwa teke. Hata wewe kwa vitabu vyako ungenitetea.

Lakini wewe sitakudanganya. Kaka yako aliniambia mkono huu ndio uliomtia mama yenu kaburini. Kisha akanigeuzia mgongo aondoke zake. Kama ningekuwa nimepandwa na wazimu, ningemkosa. Sikumkosa. Niliziona pingili kupitia shati, nikachagua nafasi kati ya mbili, kando kidogo, aanguke asife. Kichwa changu kilikuwepo chote. Hivyo ndivyo nitakavyomwambia hakimu.

Nasikia ncha imetolewa. Nasikia pia kidole gumba cha mguu wa kulia kinacheza. Wewe ndiye unayejua: anakichezesha yeye, au kinajichezea tu kama mguu wa yule ng'ombe? Niambie, mwanangu. Silali kwa ajili ya hicho kidole.

Nisalimie kaka yako, akikubali.

Baba yako.


Wodini, 2 Mei

Shikamoo baba,

Mimi sijambo. Kifundo kimeunga? Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikutaka kukujibu.

Siku ile barua yako ilipofika, nilikaa mwisho wa kitanda chake nikamwambia afumbe macho. Nikisema moja, akunje kidole. Nikisema mbili, atulie. Nikamchanganya: moja, moja, mbili, moja, mbili, mbili. Hakukosea hata mara moja. Mguu peke yake haujui kutii, baba. Ni yeye.

Leo amesimama kati ya vyuma viwili, akapiga hatua tatu. Alitukana hatua zote tatu mpaka muuguzi akaenda kucheka nje. Mguu wa kushoto bado hausikii moto, na huenda usisikie tena. Nimemfundisha kupima maji kwa kiwiko kabla ya kuoga.

Nilimwambia nakuandikia. Nikamuuliza kuhusu zile salamu za barua yako ya kwanza, akasema hakuwahi kunitumia, uliziandika mwenyewe. Nikamuuliza kama ana neno la kukuletea. Akautazama mguu.

Akasema, "Mwambie nimesimama."

Nikamuuliza kama hiyo ndiyo salamu yake. Akasema hapana.

Binti yako.