Kiganja cha Nyongeza

Majengo, Dodoma

Hanifu,

Huna adabu. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikitamka jina lako tu, tayari uko kikaoni, utanipigia, na hupigi. Karatasi haina kikao. Kaa chini usome mpaka mwisho. Na wewe Sabiha, kama ndiwe uliyeiona kwanza, usiisome, mpe mumeo. Najua mnajiuliza imefikaje hapo mlipoikuta. Mtajua. Msiruke mistari.

Haya, sasa salamu. Asalaam aleikum. Hamjambo hapo Ilazo? Kikohozi cha mtoto Khairat kimeisha? Mfunikeni kifua asubuhi, upepo wa Dodoma hauna huruma na mtoto. Mimi, kama uzima ni kusimama na kutembea, basi ni mzima. Magoti yananisumbua nikiamka, jua likipanda yananizoea. Mengine si mazima, ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi niliyejifunza kuandika kwenye kisomo cha watu wazima na baba yako yuko mgongoni. Ukiona herufi imelala, iinue mwenyewe, msomi ni wewe.

Nataka kukueleza habari ya meza yangu ya sokoni. Ilikuwa ya mama yangu, ikawa yangu, na wewe umekulia chini yake, umelala juu ya magunia yake, umesomeshwa nayo.

Unakumbuka ulivyokuja na wenzako uliosoma nao chuo? Ukanieleza kwamba mnatengeneza kitu cha kwenye mtandao, mtu akiwa nyumbani kwake aone bei za soko zima, ajue wapi ghali na wapi rahisi, aagize, aletewe mlangoni. Ukanipiga picha nimeshika sado langu, kopo la kupimia. Ukasema utaniweka wa kwanza kabisa. Na mimi mjinga nikajifunga khanga mpya, nikawatangazia mstari mzima kwamba mjukuu wangu, mume wangu Hanifu, ananipeleka duniani.

Vijana wako wakawa wanapita kila asubuhi na simu zao, wanauliza sado la choroko leo bei gani. Nikawatajia bei yangu. Wakaenda kwa Methusela, meza ya pili kutoka kwangu, akawatajia bei ya chini. Hawakuchungulia ndani ya sado lake. Methusela amelipasha moto kitako kikapanda juu kama kitovu cha mtoto, mtu akinunua kwake anabeba hewa. Soko zima tunajua, na mwenyewe anacheka, anasema wateja wake hawapendi mizigo mizito. Lakini kwenye mtandao wako kitovu hakionekani. Inaonekana bei tu. Methusela akakaa juu, rangi ya kijani. Mimi chini, nyekundu, na picha yangu ninacheka.

Nikakupigia. Wakati ule ulikuwa bado unapokea. Nikakuuliza nyongeza yangu umeiandika wapi. Maana hajaondoka mtu kwangu na kipimo kitupu. Namjazia sado, halafu namtilia kiganja juu yake. Mwenye mimba namtilia viwili, kimoja cha aliyeko tumboni. Mama yangu alifanya hivyo, na bei yetu siku zote ilikuwa na kiganja hicho ndani. Ukanijibu, na maneno yako ninayo mpaka leo, kwamba nyongeza haina sehemu ya kuijaza. Ukanishauri niache nyongeza, nishushe bei, nitapanda juu. Ulisema kwa upole, kama daktari anayemwambia mtu habari mbaya. Nikakuambia siachi. Hapo ndipo vikao vyako vilipoanza.

Halafu akaja Loisi. Unamjua Loisi, mjane wa mwalimu, ananunua kwangu tangu ni bi harusi, hata jina la mtoto wake wa kwanza tulilichagua pamoja pale mezani. Siku hiyo alikuja na simu mkononi, akanisimamishia mbele ya uso, akaniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza dagaa, mbona mjukuu wangu wa damu ndiye anayesema mimi ni ghali? Watu wakaangua kicheko. Methusela akadakia kwamba wenzangu wanaharibiwa jina na maadui, mimi nimeharibiwa na wa kwetu, tena kwa rangi. Na mimi nikacheka. Unanijua, nikichekwa nacheka kuwazidi. Lakini Loisi hakununua, na hakurudi. Simlaumu, naye ana mahesabu yake.

Baada ya Loisi wakafuata wengine, kimya kimya, bila hata kuja kunisema. Likafunguliwa lile ghala kubwa linalouza kwa mtandao, nalo likakaa juu ya Methusela mwenyewe, kicheko kikamkauka. Gerson wa Haneti, aliyekuwa akiniletea choroko kila msimu, akaja akakaa juu ya gunia langu, akaangalia viatu vyake. Mwishowe akasema mama, ghala linachukua gari zima kwa mara moja, na wewe za mwezi uliopita bado unazo. Nikamwambia aende zake, asinililie. Zile zilizobaki zikaingia wadudu. Nikawamwagia kuku wa jirani.

Meza sina, Hanifu. Niliirudisha kwa wakuu wa soko kabla ya Ramadhani. Nililifuta vumbi sado la mama, nikalifunika kifuniko, nikalibeba kichwani mpaka nyumbani, na njiani hakuna aliyeniuliza naenda wapi mapema hivyo.

Na wewe hujui. Nilimwomba binti mmoja anifungulie huo mtandao wako kwenye simu yake. Nimo mpaka leo. Stara, Majengo, choroko, bei ya leo. Leo ipi? Vijana wako waliacha kupita zamani, bei yangu ya mwisho ndiyo iliyogandishwa hapo, na tangu hapo hujatoka Ilazo hata siku moja uje uone kama aliye kwenye picha bado yupo.

Sikukuu ya Idi nilikuja kwenu. Sabiha alipika choroko za nazi, tamu, nampa haki yake. Akasema mbele ya wageni kwamba tangu ameanza kuagiza kwa simu hajui jiwe ni nini, anamimina kutoka mfukoni moja kwa moja mpaka chunguni. Ukaniuliza, bibi, soko vipi? Nikakujibu soko lipo. Sikudanganya. Soko lipo.

Zile choroko nilizichambua mimi.

Ndiyo. Bibi yako anaingia ghala lile kwa mlango wa nyuma, anakaa chini kwenye turubai pamoja na wanawake wengine, anatoa mawe mpaka jioni. Macho yangu hayaoni jiwe tena, vidole ndivyo vinavyoliona. Siku ya kwanza, mzigo ulipokuwa unapimwa, mkono wangu ulikwenda wenyewe ukatia kiganja juu. Msimamizi, mtoto wa kuzaliwa juzi, akakitoa, akaniambia bibi, hapa hatugawi sadaka. Nikasema samahani. Mimi Stara, nimeomba samahani kwa ajili ya kiganja cha choroko! Tangu siku hiyo mkono huu sijui niuweke wapi.

Usiniletee pesa. Usije na maneno ya kunitafutia meza nyingine, ya kumuuzia nani? Loisi harudi, Gerson harudi, na mimi nguvu ya kupaza sauti kuita wateja imeniisha. Nimechoka, mume wangu. Sijawahi kumwambia mtu neno hili, na sitalirudia.

Sabiha akiagiza, jina lako hubandikwa kwenye mfuko wenu pale ghalani, nami huupapasa kidogo ndipo niuache uende. Barua hii nitaifunga kwenye pindo la khanga mpaka nilione jina hilo tena. Nikiliona, nitaitumbukiza mfukoni humo pamoja na kiganja kimoja. Mizani ikipiga kelele, ipige. Wakinifukuza, wanifukuze. Kwa hiyo mfuko ulioufungua umezidi. Hicho kilichozidi ndiyo ile nyongeza isiyo na sehemu ya kuijaza.

Mbusu Khairat kwenye paji la uso. Mwambie bibi yake mkuu anamdai wimbo. Sabiha asijisikie vibaya, hakujua, na mkono wake wa kupika ni mzuri. Wewe nakupenda, laana sitoi, lakini utafanya hivi. Vaa viatu, simu iache mezani, nenda Majengo. Pale palipokuwa meza yangu zinaegeshwa pikipiki za kusubiri oda. Simama katikati yake. Muulize Methusela bibi yangu yuko wapi, umsikilize mpaka amalize. Halafu rudi ufute jina langu na picha yangu kwa mkono wako mwenyewe. Usimtume kijana.

Ni mimi bibi yako,
Stara binti Rahimu.

Sabiha, usibandike chungu mpaka arudi.