Jibu la Kumsomea Bogere

Wanyange, Jinja
20 Januari 2019

Kwa Docus, mjukuu wangu,

Nakusalimu. Umefikaje Mbale? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama lori la Isabirye? Mimi niko. Goti la kulia limestaafu bila kuniaga, la kushoto bado liko kazini.

Usitafute simu yako. Haikuanguka njiani. Niliitoa kwenye mkoba wako ulipokuwa unaoga. Iko sandukuni chini ya sare ya marehemu babu yako, na ufunguo nimeuvaa shingoni. Mwaka jana ulifanya mtihani wa kuingia chuo cha mawakili ukiwa na simu, ukafeli. Mwaka huu tuone bila simu. Mtihani ni Juni, na wewe mwenyewe umeapa kwamba ukifeli tena unaacha sheria kabisa. Mtu wa kwanza wa nyumba hii kumaliza chuo kikuu, halafu aishie mlangoni! Sikubali.

Sasa sikiliza. Nimesoma karatasi ulizosahau hapa. Mimi niliishia darasa la nne, lakini nilikaa na askari magereza miaka thelathini na moja, na sasa ni mjumbe kwenye korti ya kijiji. Kesi nazijua. Wewe swali moja uliandika kurasa sita. Sita, Docus! "Yawezekana hivi, yawezekana vile, hata hivyo, lakini pia." Nimefika mwisho sijui nani ameshinda. Huyo anayesahihisha ana macho mangapi?

Kuanzia sasa, kila wiki chukua swali moja la mitihani ya zamani. Andika swali na jibu kwa Kiswahili chetu cha kambi ya magereza, upande mmoja wa karatasi. Ukigeuza nyuma sisomi. Isabirye anapeleka mukene, dagaa wetu wa ziwani, sokoni Mbale kila Jumatano, mpe barua. Itanuka samaki, vumilia. Nitawasomea wanawake tunaoanika nao mukene hapa ufukweni, niwageuzie kwa Kisoga. Wakijua nani ameshinda na kwa nini, watapiga makofi, umepita. Wakianza kugombana, umefeli.

Kula vizuri. Acha chipsi.

Jaja yako,
Eseza


Nkoma, Mbale
30 Januari 2019

Jaja wangu,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, ingawa nina hasira. Kifua kimepona. Pole kwa goti, tafadhali lipake ile dawa, usiigawie majirani.

Simu nimeitafuta siku mbili! Nilimshuku kijana wa boda boda aliyenileta Nkoma, nikamwita mwizi mbele ya watu wa stendi nzima. Jana nimeenda kumwomba radhi. Amekubali, lakini sasa kila nikipita wenzake wanashika mifuko yao na kupiga kelele. Gorreti, yule muuguzi ninayeishi naye chumba kimoja, anacheka mpaka leo.

Haya, swali la kwanza. Mwizi ameiba baiskeli, akamuuzia mtu asiyejua kitu. Mwenyewe ameiona barabarani. Ni ya nani? Jibu liko kwenye karatasi ya pili. Upande mmoja, kama ulivyoamuru, ila nimebana mwandiko kidogo.

Mjukuu wako,
Docus


Wanyange, Jinja
5 Februari 2019

Docus,

Salamu. Sisi wazima. Wewe mzima? Basi.

Umefeli. "Kubana mwandiko kidogo" ndiyo nini? Nimesoma kwa miwani miwili. Wanawake wamegombana mpaka kunguru wakashuka kwenye mukene bila mtu wa kuwafukuza. Mmoja akauliza mwenye baiskeli anakaa wapi, na kama ameipata. Nikamwambia ni mtu wa mtihani, hayupo. Akasema, "Sasa mtu hayupo na baiskeli haipo, sisi jua linatupigia nini hapa?"

Jibu ulilijua! Nimeliona limejificha mstari wa kumi na nne: mwizi hawezi kuuza kitu ambacho si chake, baiskeli irudi kwa mwenyewe. Kwa nini hukuliweka juu? Unamwogopa nani? Andika tena.

Jaja yako


Nkoma, Mbale
20 Machi 2019

Jaja wangu,

Nakusalimu sana, na wamama wote wa ufukweni. Hapa tu wazima, mvua imeanza kutoka mlimani na chumba kinavuja upande wa Gorreti, si wangu.

Makofi wiki tano mfululizo! Nasikia mpaka Isabirye anayahadithia sokoni. Nimeanza kuamini, Jaja. Zamani nikiona swali mikono ilikuwa inaganda. Siku hizi naandika mstari wa kwanza papo hapo.

Swali la leo: Mjomba alisimama arusini akasema mbele ya wageni kwamba atampa mpwa wake ng'ombe. Ng'ombe hajatoka zizini. Sasa mjomba amebadili nia. Je, mpwa anaweza kumdai?

Jibu: Anaweza. Neno lililosemwa mbele ya watu wote tayari ni zawadi. Mjomba amtoe ng'ombe.

Mjukuu wako,
Docus


Wanyange, Jinja
26 Machi 2019

Kwa Wakili Docus,

Nakupigia saluti, afande. Umeshindaje? Mimi leo hata goti halinisumbui.

Mistari mitatu! Wanawake walisimama. Mmoja alipiga ukunga mpaka wavuvi wakadhani kuna maiti majini. Sasa ngoja nikwambie jambo kubwa zaidi.

Unamjua Bogere, fundi cherehani wa pale njia panda. Mwaka juzi, kwenye sherehe ya kanisa, alisema kwamba mtoto wa kaka yake, Racheal, akimaliza kujifunza ushonaji atampa cherehani yake. Racheal amemaliza. Bogere akasema hapana, ndiyo cherehani pekee aliyobaki nayo. Racheal akaleta kesi, tukakaa Jumamosi. Mwenyekiti anakuna kichwa, wajumbe wanatazama dari. Mimi nikatoa karatasi yako mfukoni. Nikasema, "Haya yameandikwa na mjukuu wangu, msomi wa sheria." Nikasoma. Nani angebisha? Cherehani ilitoka siku ileile kwa toroli.

Bogere amekaa mlangoni na sare za watoto wa shule, zimekatwa hazijashonwa. Hanisalimu. Atazoea.

Jaja yako mwenye furaha,
Eseza


Nkoma, Mbale
3 Aprili 2019

Jaja,

Nakusalimu. Natumaini mko wazima. Mimi si mgonjwa, lakini siko vizuri.

Wiki iliyopita Isabirye alisubiri jibu nikamwambia sina. Nilikuwa nalo. Nilikosa mkono wa kuliandika.

Lile jibu la ng'ombe si sahihi. Na nilijua, Jaja. Sheria inasema ahadi ya zawadi bado ni ahadi. Mpaka kitu kikabidhiwe, au mtu atie sahihi hati rasmi ya kukitoa, mwenyewe anaweza kubadili nia. Ni vibaya, inaudhi, lakini korti haiwezi kumlazimisha. Niliandika hivyo kwanza. Kisha nikawawaza wamama wakinung'unika, nikaichana karatasi, nikaandika la kupigiwa makofi. Niliona ni zoezi tu, ng'ombe wa mtihani. Kumbe kuna mzee amekaa mlangoni na sare zisizoshonwa, kwa mwandiko wangu.

Bogere ana haki ya kukata rufaa kwenye korti ya parishi, ile iliyo juu ya yenu ya kijiji. Siku zake ni chache na zinahesabiwa tangu hukumu, asivuke wiki hii. Tafadhali mtu amwambie.

Mtihani sitafanya. Mtu anayeandika uongo ili apendwe, huko kwenye sheria anakwenda kutafuta nini?

Docus


Wanyange, Jinja
9 Aprili 2019

Docus,

Mbona hukuandika "mjukuu wako"? Nimekufukuza? Barua ijayo uandike.

Nakusalimu hata hivyo. Nimekasirika sana. Barua yako niliisoma nikaitupa, nikaiokota, nikaitupa tena. Uliniletea kitu kibovu nikakivaa mbele ya kijiji kizima. Miaka yote niliyokaa kwenye korti ile hakuna aliyenirudisha nyuma hata mara moja. Sikupikia mtu siku hiyo.

Kesho yake asubuhi nikaenda njia panda. Bogere akaniona, akageuza kiti.

Nikamwambia, "Bogere, kata rufaa."

"Juu ya nani?"

"Juu yangu."

Akageuza kiti tena. "Eseza, umelewa asubuhi hii?"

"Sijalewa. Nilihukumu vibaya. Inuka twende kwa karani wa parishi, siku zinaisha."

"Na ukifika huko utasema nini?"

"Nitasema nilichokwambia. Unataka niimbe?"

Tukaenda. Alitembea upande wa pili wa barabara ili watu wasidhani tumepatana. Karatasi imepokelewa.

Sasa wewe. Nani amekwambia unaacha mtihani? Makofi niliyaleta mimi, kosa hilo ni langu nusu, usijibebee lote kama gunia la zawadi. Nusu yako ni hii: ulijua ukanyamaza. Lakini ulisema kabla siku za mzee hazijaisha, na hukuniomba nikufiche. Kuna watu wana majoho na hawawezi hilo.

Wanawake nimewaambia waanike samaki wao. Kuanzia leo jibu lako nitamsomea Bogere peke yake. Hapendi mtu, na wewe hakupendi kabisa. Nitamwambia, "Jifanye wewe ndiye umeshindwa kesi hii." Umwandikie yeye. Aelewe kwa nini ameshindwa, hata kama atatoka na hasira zake. Akikubali yeye, hakuna msahihishaji wa kukutisha.

Swali jipya nalitaka Jumatano.

Jaja yako,
Eseza


Wanyange, Jinja
21 Mei 2019

Docus mjukuu wangu,

Habari za huko? Gorreti amepata mahali pasipovuja? Mimi niko, ila mvua imetuharibia mukene wa wiki nzima.

Rufaa imesikilizwa. Wajumbe wa parishi waliniuliza, nikasimama nikasema, "Nilikosea, mashine ni yake." Mmoja akataka nieleze zaidi, nikamwuliza ni neno gani hakulielewa. Cherehani imerudi. Racheal alilia. Nilimweleza mimi mwenyewe, polepole, kama ulivyoniandikia: haki ya kukasirika anayo, haki ya mashine hana. Tangu siku hiyo hanisalimu. Nimekuwa na mtu mmoja anayeninunia kila mwezi, wanabadilishana zamu.

Sasa majibu yako. La kwanza Bogere aliuliza "kwa nini?" mara saba. La pili mara nne. Lile la mwenye nyumba na mpangaji aliuliza mara mbili, halafu akasema, "Huyu msichana bado anaruka hatua moja." Ukaangalie, kweli umeruka. La wiki hii alisikiliza mpaka mwisho mguu ukikanyaga mashine. Nikamwuliza, "Vipi?" Akasema, "Nimeshindwa. Nipe uzi huo."

Tena hukuficha. Pale usipokuwa na hakika umesema huna hakika, ukaeleza kwa nini, ukaamua. Hiyo ndiyo namna.

Jaja yako


Nkoma, Mbale
16 Juni 2019

Jaja wangu,

Nakusalimu kwa magoti yote mawili. Nimerudi salama kutoka Kampala, nimelala saa kumi na mbili mfululizo kama mgonjwa.

Mtihani ulikuwa Ijumaa. Swali la kwanza na la pili niliyaandika bila kuinua kichwa. La tatu lilinikuta vibaya: mama mjane, mashemeji, na mtoto aliyelelewa nje ya nyumba. Kila mtu chumbani alitaka kumpa mama kila kitu, niliwasikia wakisema hivyo baadaye kwenye ngazi. Hata mimi moyo ulitaka. Mkono ukaanza kuandika, nikausimamisha. Nikamwona yule mtoto wa nje akiuliza "kwa nini?" kwa sauti ya Bogere. Nikaanza upya. Nimempa na yeye fungu lake, nikaeleza hatua kwa hatua.

Nilimaliza maswali yote. Mwaka jana nilimaliza mawili.

Sijui kama nimepita, Jaja. Najua nilichoandika ndicho ninachokiamini, kila mstari.

Mjukuu wako,
Docus


Nkoma, Mbale
17 Julai 2019

Jaja,

Mko wazima? Mimi mzima.

Nimepita. Nilikwenda kusoma orodha ubaoni mwenyewe. Namba yangu ipo, nimeigusa kwa kidole, nikatoka nje, nikarudi kuigusa tena. Masomo yanaanza Septemba.

Mjukuu wako,
Docus


Wanyange, Jinja
20 Julai 2019

Docus,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma nimekaa. Isabirye akaniona uso, akazima lori akashuka mbio: "Jaja, nani amekufa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa, ondoka na moshi wako.

Ona, nimeanza bila salamu. Hujambo? Umekula?

Leo siku ya tatu na sijamwambia mtu. Mimi, Eseza, ambaye mbuzi wa jirani akizaa natangaza! Bogere ameniuliza mara mbili, nimemwambia matokeo bado. Padri ameuliza, naye nimemdanganya, nitatubu baadaye. Wanawake wananiona naanika samaki kimyakimya, wanadhani naumwa, mmoja ameniletea uji.

Nimeunywa uji wao. Sitasema kitu mpaka uje.

Njoo Jumamosi ijayo. Vaa gomesi ile ya bluu, na usije na zile nywele za kuazima. Ukifika usiropoke njiani, hata kwa Isabirye. Piga magoti, salimia kila mtu kwa jina lake, uliza hali ya wagonjwa, halafu kaa kwenye mkeka upande wangu wa kushoto na ufunge mdomo.

Mimi ndiye nitakayewaambia.

Jaja yako,
Eseza