Mama, Nimemwita Mtu Mwingine Baba

Itilima, Simiyu
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu,

Mbukwa mama. Nimekaa nje kwenye kigoda, karatasi iko juu ya boksi langu la spea, na kabla sijasema lolote nataka kujua goti lako limeamkaje. Bado linagoma ukipanda kile kilima cha kanisani? Mbuzi mweusi ameshazaa? Na dada Upendo, bado anabadilisha rangi ya sare za harusi kila wiki? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, malaria haijarudi. Kwa upande wa mwili usiwe na wasiwasi.

Utashangaa barua, wakati mwanao ni fundi simu. Mama, simu yako inakaa kwa mjomba, na mjomba akipokea anaweka sauti kubwa, mpaka wapita njia wanachangia. Haya nataka uyasikie wewe kwanza, halafu wewe ndiye uamue nani mwingine ayasikie.

Nianze na lile baya. Mwezi wa nane sitakuja. Najua baba hayupo na mimi ndiye mwanaume wa kumtoa Upendo mlangoni. Najua alisema bila mimi hatoki. Soma kwanza mpaka mwisho, ukasirike baadaye.

Unamkumbuka mzee Masunga, mwenye nyumba wangu, yule niliyekwambia anacheka bila sauti? Mke wake alifariki, wanawe wawili walihama na ng'ombe kwenda Katavi na hawajarudi. Si mtu wa kanisani. Asubuhi anamwaga maji kidogo mlangoni na kuwasalimia babu zake. Wiki yangu ya kwanza hapa, si unanijua, nilimhubiria mpaka jasho likanitoka. Nilipomaliza akaniuliza kama nimekula.

Sasa mwezi wa tatu, wakati wa kupulizia pamba dawa, nilikuwa na kazi mpaka naimba. Mabomba ya mgongoni ya kijiji kizima yalikuwa kwangu. Hakuna aliyenifundisha. La kwanza nililifungua, nikalifunga, ikabaki springi moja mkononi, na likafanya kazi kuliko mwanzo. Ndiyo hapo malaria ikanipiga. Siku ya tatu nikaanza kuongea na watu ambao hawapo. Mzee akanikalisha nyuma ya baiskeli, akanifunga kwa shuka, kichwa changu mgongoni kwake, akaanza kunisukuma kwenda zahanati kwenye tope.

Tulipofika mwisho wa kijiji, mchana kweupe, likapigwa yowe.

Mama, huku yowe si kelele. Wao wanaita mwano. Ng'ombe wakiibwa, aliyeona anapiga yowe, aliyesikia analipokea, na kila kaya inatoa mtu mmoja kukimbilia kule lilikotoka. Hata kama ulikuwa unakula, tonge unaliacha. Sungusungu, hawa walinzi wa jadi, wanahesabu kaya kwa kaya nani alifika. Ni ulinzi mzuri, wala siusemi vibaya, ndiyo maana hapa mtu analala na ng'ombe wake. Basi siku hiyo watu wote walikuwa wanakimbia upande mmoja, na mzee Masunga akaonekana na kijiji kizima anaenda upande mwingine na baiskeli.

Zahanati walinitundikia dripu. Mganga akasema tungechelewa mpaka jioni asingeniahidi kitu. Na ng'ombe walipatikana wote, siku hiyo hiyo. Lakini kaya ya Masunga haikutoa mtu.

Wakamwita. Akasema alikuwa na mgonjwa. Wakamuuliza mgonjwa ni nani wako. Akasema mpangaji. Wakasema mgonjwa wa kaya anasamehewa, mpangaji si wa kaya. Adhabu yake achinje dume, awalishe walinzi na aombe radhi, basi. Dume anao wawili wa kulimia. Mimi mwenyewe nilimbembeleza, nikasema mzee chinja mmoja yaishe, nitakulimia kwa jembe la mkono. Akaniambia, "Nikichinja, nitakuwa nimesema nilikosea kukubeba. Sikukosea."

Wakamtenga.

Kutengwa huku ni hivi: hakuna wa kukusalimia. Ukienda kisimani unasubiri wote waondoke ndipo uchote. Mashine haikusagii. Dukani hawakuuzii chumvi. Pamba yako hakuna wa kukusaidia kuchuma. Na ukifa, hakuna wa kuchimba. Anayekusemesha naye anaingia kwenye adhabu hiyo hiyo. Mimi kwa kuwa ni mgeni wakaniacha huru, mradi nisimsalimie, na nitafute taratibu chumba kingine kule karibu na mashine.

Hapa ndipo penye aibu yangu, mama, na hata mwinjilisti sijamwambia. Nilitii. Wiki tatu nilikaa ua mmoja na mtu aliyenitoa kwenye kifo, na nikawa nampita kama napita gogo. Wateja walikuwa wanakuja, kazi ilikuwa nyingi, nikajiambia nikipata nafasi nitaongea na wakubwa. Asubuhi nikitoka namkuta yuko kwenye kigoda, na yeye ndiye anageuza uso kwanza, ili nisipate tabu ya kutokumsalimia.

Siku moja nilishindwa, nikasimama mlangoni kwake kutaka kumwambia neno. Mlinzi mmoja akapita na baiskeli, akafunga breki, akauliza mnaongea nini ninyi. Mzee akaniwahi. "Huyu simjui," akasema. "Ni mpangaji, hata jina lake silishiki." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumapili yake kanisani nilikuwa kwenye kwaya, sauti ya tena, tunaimba msalaba. Nikakumbuka yule mwanafunzi aliyemkana Bwana kabla jogoo hajawika. Yule alimkana mwenzake ili ajiokoe mwenyewe. Mzee Masunga alinikana mimi ili aniokoe mimi. Na hajui hata wimbo mmoja wa kwetu. Nikasimama pale na kitabu mkononi, nimeacha kuimba, kiongozi wa kwaya ananikazia macho. Nilijiuliza, hawa wote tunaoimba, nani leo asubuhi amemwambia mzee mwangaluka, salamu yao ya asubuhi? Hakuna. Hata mimi.

Basi si unajua kichwa changu kikishapata moto. Jumatano kulikuwa na mkutano uwanja wa shule. Usiku kucha nilikuwa nimepiga hesabu ya maneno, nikaona nimelipata jibu, rahisi kabisa, nikawaza hawa watu wamekosaje kuliona. Nikanyoosha mkono. Nikasema mgonjwa wa kaya si anasamehewa? Wakasema ndiyo. Nikasema basi msameheni, mimi ni wa kaya yake. Huyu ni baba yangu.

Mtemi, ndiye mkubwa wa sungusungu, ni mtu wa utani. Akaniuliza, "Umezaliwa lini na Masunga?"

Uwanja wote ukacheka.

Nikamjibu, "Mwezi wa tatu, siku ya yowe."

Kicheko kikakatika. Mama, nilijua nimeshinda. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta kwa macho mzee alikosimama pembeni ili nimpungie mkono. Mtemi akaniangalia, wala si kwa ubaya. Akasema, "Mtoto hukaa na baba yake. Na adhabu ya baba ni ya kaya yote." Wakaandika jina langu chini ya la mzee, mkutano ukaendelea na habari ya choo cha shule.

Hivyo ndivyo nilivyokwenda kumtoa mtu shimoni nikaingia naye. Tulirudi nyumbani pamoja. Getini nikamwambia nimekosea, mzee, nimeongea haraka. Akanijibu kwamba amesikia niliyoyasema na hakusikia kosa. Tangu siku hiyo ananiita ng'wanone, ndiyo kusema mwanangu.

Sasa hivi ni mwezi wa sita, mama, na nimebanwa, nakwambia kweli. Hakuna anayeniletea simu wala sola. Mahindi tunatwanga kwa kinu kama wakati wa bibi. Kisimani nasimama mbali na ndoo mpaka wa mwisho aondoke, na wapo wanaochelewa makusudi. Pamba imefunguka shamba zima, upepo unaiangusha, na ni mikono yetu minne tu. Kanisani nakaa benchi la nyuma, na benchi lote ni langu. Mwinjilisti aliniambia pembeni, akiwa anaangalia kwingine, kwamba anatuombea kimoyomoyo. Rafiki yangu wa Mwanza, yule wa sola, alipiga mara tatu: karakana ipo, kitanda kipo. Wiki hii hajapiga. Kuna asubuhi nachukia hiki kijiji, namchukia mzee na madume yake mawili, nachukia mdomo wangu. Kisha namsikia huko nje anakohoa, peke yake, na najua nikiondoka kikohozi ndiyo kitakuwa sauti pekee kwenye huu ua.

Uliniambia tangu mdogo kwamba Mungu hakuniponya degedege bure, ana kusudi na mimi. Hilo neno nimelibeba kila mahali. Nilidhani kusudi ni kitu kikubwa, kina jukwaa na spika, labda karakana yenye jina langu. Ndiyo maana sikai mahali, natafuta. Sikuwahi kuwaza kwamba linaweza kuwa mzee mmoja asiyesali na heka tatu za pamba. Na wala sina uhakika kama ndilo, mama. Yesu mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke, kwa hiyo na mimi naomba, kila asubuhi. Halafu nachukua ndoo.

Nilimuuliza mzee kwa nini siku ile hakuniacha kivulini akaenda kwanza kwenye yowe, akarudi. Alikuwa anafunga mfuko wa pamba, hakuinua kichwa. "Yowe lilikuwa na watu wengi," akasema. "Wewe ulikuwa na mimi tu."

Mama, mahubiri yote niliyowahi kusikia, na yale niliyowahi kupiga mwenyewe, hakuna neno lililonikalia kama hilo.

Habari ya harusi nilimwambia. Akaniambia niende sasa hivi, nisingoje mwezi wa nane, nikasaidie maandalizi, dada ni dada, yeye ataweza. Akanikokotea begi mpaka njia panda, akarudi. Nilikaa barabarani juu ya lile begi. Basi likaja, kondakta akashuka akafungua buti, nikamwambia nilikuwa napumzika tu. Akanitukana kidogo, wakaondoka. Nilipofika shambani nilimkuta mzee anachuma mstari wangu. Alihamia mstari wake, tukaendelea.

Kwa hiyo mjomba amtoe Upendo, na umwambie asilie kwenye picha. Na wewe, mama, unisamehe kwamba nimemwita mtu mwingine baba mbele za watu. Wa kwetu aliyelala pale nyuma ya kanisa sijamtoa mahali pake. Nadhani angefanya kama Masunga, lakini wewe ulimjua kuliko mimi, wewe ndiye useme.

Nina ombi moja. Sheria ya huku inawakataza wao kumsalimia. Habari ya Mpwapwa, huko kwetu, haikutajwa. Mwambie Upendo achukue karatasi, hata ya daftari, akuandikie. Msalimie mzee Masunga kwa jina lake. Muulize amelalaje, muulize pamba, muulize wale wanawe wa Katavi. Usimshukuru sana, ataona haya. Weka kwenye basi la Bariadi, andika jina langu juu ya bahasha, ofisini kwao napita kila Jumamosi nikienda kununua chumvi. Nitamsomea polepole, na akitaka nirudie nitarudia.

Nisalimie bibi, mwambie kinu nimekijua. Nisalimie mjomba, hata kama anasoma hii bila ruhusa. Nisalimie shemeji mtarajiwa, mwambie amtunze dada yangu. Nisalimie mama mchungaji na kwaya ya vijana, waniachie nafasi yangu kwenye tena, au wampe mwenye sauti, sitanuna.

Mzee ameniona naandika, ameniuliza ni kwa nani. Nimemwambia kwa mama. Amesema, "Mwambie nakuona unakula."

Ni mimi mwanao, ambaye bado ni wako,
Yohana