Hatua Kumi na Mbili Kutoka Golini

Alhamisi, 5 Juni

Itangazwe kwa kata na vitongoji vyote vya Katavi: leo saa mbili asubuhi mtunza uwanja wa mjini Mpanda amevaa buti mpya za mvua. Kiangazi hiki. Namba arobaini na tano. Mguu wangu ni arobaini na mbili. Nikitembea nazo ni korongo anayetafuta vyura.

Mzee Kasanda, mwenzangu wa kazi, aliziangalia muda mrefu. "Mwenye nazo anazifuata saa ngapi?"

Kesho kuna tamasha, kwaya na wasanii kutoka Dar. Mafundi wa jukwaa wamefika kutoka Sumbawanga, hawana futi kamba ya kupimia. Nimewaazima ya stoo. Sikumwambia Meneja. Nilitaka waone kwamba hapa nina mamlaka.

Jumamosi, 7 Juni

Uwanja wetu ni wa kila kitu. Injili, gwaride, Bongo Fleva, mpira. Kila kitu kinaacha uchafu wake. Jana jukwaa lilikalia boksi la goli la upande wa soko, na lori lao limefuta mistari yote. Nukta ya penalti haipo. Mafundi hawapo. Futi kamba haipo.

Na kesho ni fainali. Timu ya Soko na timu ya Bodaboda, wanagombea dume la ng'ombe.

Sheria inataka mita kumi na moja. Nikapima nilivyojifundisha mwenyewe zamani. Hatua kumi na mbili kutoka mstari wa goli. Na buti zangu. Niliposimama, Mzee akachimba kishimo, akakijaza chokaa, akakishindilia. Ndivyo afanyavyo, ili nukta idumu. Akauliza futi iko wapi. Nikasema iko stoo.

Uongo mdogo. Nimeuandika ili nisiusahau.

Jumapili, 8 Juni

Aibu.

Soko walikuwa nyuma bao moja. Dakika ya mwisho wakapata penalti. Akaja Masunga wa bucha, mtu anayepasua paja la ng'ombe kwa pigo moja. Alirudi nyuma karibu nusu ya uwanja. Akaja mbio. Mpira ukaviringika polepole kama unakwenda kuomba maji kwa jirani. Kipa aliuokota.

Masunga akaonyesha chini. "Hii nukta iko mbali!"

Uwanja mzima ukakubali. "Imepigwa toka kijiji cha Mwese hiyo!" "Huo mpira ungepakiwa kwenye boda, ungefika!"

Kamati ikashuka kupima kwa miguu. Wa kwanza alipata hatua kumi na moja. Wa pili kumi na tatu. Mwenyekiti, mwenye tumbo, kumi na sita, na katikati alipumzika.

Mimi nilikuwa nyuma ya tangi la maji. Nikavua buti.

Jumatatu, 9 Juni

Soko wameleta barua ya malalamiko. Dume limefungwa getini likisubiri uamuzi, linakula majani niliyoyamwagilia mimi.

Meneja alituita ofisini. Ni mama mkali lakini wa haki. Akauliza nukta ile aliiweka nani.

Nikasema: "Mzee Kasanda ndiye aliyechimba na kuweka chokaa, mama."

Kila neno ni kweli. Ndiyo maana linanuka.

Mzee alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Alinitazama usoni, halafu miguuni. Nilikuwa na kandambili. Heri angenitukana.

Jumatano, 11 Juni

Wamemwachisha kazi. Kibarua haandikiwi barua, anaambiwa tu. Alikunja ovaroli yake kama nguo ya kanisani, akaiweka juu ya meza yangu. Ameondoka na basi kurudi kwao Ugalla, kwenye mizinga yake ya nyuki. Mjukuu wake anasoma kidato cha pili hapa mjini, alikuwa akiishi naye. Sasa binti analala kwa jirani, na jirani ameshasema ni mpaka mwisho wa mwezi.

Kamati imeamua timu zigawane dume. Masunga ndiye aliyepasua nyama. Pigo moja moja.

Wote wameridhika. Mimi ni mtu wa hovyo.

Ijumaa, 13 Juni

Sokoni wananipa pole. Mama muuza dagaa aliniongezea kiganja kizima. "Pole kaka, huyo mzee alitaka kukuponza."

Nikasema asante. Nilisema asante! Dagaa nimekula pia.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda Ugalla kwa bodaboda. Vumbi mpaka kwenye meno. Nilimkuta Mzee anasuka kamba ya kupandishia mzinga. Shikamoo. Marahaba. Akanipa kigoda.

Nikasema yote. Futi, buti, hatua.

"Najua, baba," akasema. "Nilikuwa nyuma yako, nilizihesabu."

"Sasa mbona hukusema, mzee wangu?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

Hakukasirika. Angekasirika ningepata pa kushikia. Alinifungashia asali kwenye chupa ya soda. Nilipopanda pikipiki akauliza kama nimeshaipima ile nukta. Nikasema bado, ya nini, wakati uwanja mzima ulishaona. Akacheka kidogo, akarudi kwenye kamba yake.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemwambia Meneja. Kwa mdomo wangu, na buti miguuni. Nilitaka zionekane.

Aliweka kalamu chini. Akasema nafasi ya Mzee ilishajazwa, mtu ameanza asubuhi hii hii, ana watoto wanne, hawezi kumfukuza naye. Yangu itaamuliwa na kamati. Niandike maelezo.

Nimeandika kurasa mbili. Nikachana moja, ile ya kujihurumia.

Jumanne, 17 Juni

Futi kamba imerudi na basi la Sumbawanga, ndani ya kiroba, pamoja na salamu za shukrani. Wamenitakia kazi njema.

Asubuhi uwanja ulikuwa mtupu. Kunguru wawili katikati. Mwenzangu mpya ni mpole, hasemi sana. Nilimwomba ashike ncha ya futi kwenye mstari wa goli. Nikarudi kinyumenyume mpaka kwenye kishimo cha Mzee. Chokaa yake haijatikisika.

Nikapima mara tatu.

Mita kumi na moja kamili.